Kutoka Kamalondo hadi Ng'ambo kwa Gari la Zamani

Anayeishi Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, na kutaka kuvuka bahari na gari lake hana budi kuanza kwa kuchagua bahari. Lubumbashi imekaa katikati ya bara, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kila bandari iko mbali nayo: Lobito kule Angola, Walvis Bay kule Namibia, Durban, Dar es Salaam, na Matadi, ambayo ni ya nchi yetu wenyewe na ndiyo ngumu kuliko zote kuifikia kwa gari. Uamuzi huo ndio unaosema gari litengenezwe namna gani. Wenye magari wengi hufanya kinyume. Wananunua winchi, taa za juu na hema la kufunga kwenye paa, halafu ndipo wanaulizana njia.

Tuanze na Matadi, kwa kuwa ndiyo inayowavutia wenye moyo mgumu. Kwenye ramani, Barabara ya Taifa Namba 1 ni mstari mmoja: Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kamina, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa, Kikwit, Kinshasa, Matadi, hadi Banana. Kwenye udongo ni habari nyingine. Ukishaiacha Kolwezi unaingia katika mchanga, matope na madaraja ya magogo ambayo dereva huyakagua kwa miguu kwanza. Mwaka 2010 mume na mke wa Kibelgiji walitoka Lubumbashi hadi Kinshasa na Land Cruiser ya zamani, na masimulizi yao yamesomwa na wapenda safari dunia nzima. Wiki nyingi za kuchimba, kuchomelea na kubishana kwenye vizuizi! Kwa njia hiyo, winchi, majembe, madebe ya mafuta na springi nzito zina kazi. Ila mtu ambaye lengo lake ni kufika ng'ambo, na siyo kuishinda barabara hiyo, atamaliza gari kabla ya kuiona meli.

Lobito imo vinywani siku hizi kwa sababu ya reli. Reli ya Benguela iliunganishwa na Katanga mwaka 1931, lakini barabara ya kwenda mpakani Dilolo si mahali pa kulipeleka gari lililobeba mzigo wakati wa mvua. Walvis Bay na Durban zinafikika kwa lami kupitia Zambia: ya kwanza kwa daraja la Sesheke lililofunguliwa 2004, ya pili kwa daraja la Kazungula la 2021 ukitaka kuikwepa Zimbabwe. Dar es Salaam ndiyo ya karibu zaidi kati ya hizo za lami, kama kilomita elfu mbili: Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, Nakonde, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro. Ndiyo njia ambayo magari yaliyotumika Japani huipanda kuja kwetu. Anayekwenda ng'ambo anairudia kinyumenyume.

Sasa tazama maana yake kwa fundi. Gari la kwenda Dar halihitaji kupanda jabali. Linahitaji kukimbia saa nane kwa mwendo uleule nyuma ya malori ya shaba bila kuchemka, kusimama linapotakiwa kusimama, na kushuka mlima. Mlima wenyewe ni Kitonga, kati ya Iringa na bonde la Ruaha, na hapo ndipo breki zilizokuwa zinatosha kuzungukia uwanja wa Mazembe hugundua kwamba hazitoshi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita. Yakipata joto la mteremko mrefu, maji hayo huwa mvuke, na kanyagio huzama bila kukamata kitu. Chupa ya mafuta mapya na alasiri moja ya kuyatoa ya zamani kwenye mabomba yote manne ni kazi rahisi kuliko zote katika orodha, na ndiyo inayoahirishwa zaidi.

Usukani nao una siasa yake. Kwetu tunaendesha kulia, lakini magari mengi ya Lubumbashi yana usukani wa kulia kwa sababu yalitengenezewa Japani, ambako huendesha kushoto. Zambia, Tanzania, Namibia na Afrika Kusini nazo huendesha kushoto. Kwa hiyo gari ambalo askari wa roulage hulitazama kwa jicho kali kwetu ndilo linalofaa njia ya bandarini. Kinyume chake, Land Cruiser ya usukani wa kushoto iliyonunuliwa kwenye mnada wa shirika au kampuni ya madini itamlazimu dereva kuchungulia malori kutoka upande usioona kitu, kilomita elfu mbili, mpaka apande meli. Hapo abiria wa kulia anakuwa sehemu ya mitambo. Kama hana macho mazuri na kichwa kilichotulia, tafuta mwingine. Taa za mbele pia zielekezwe upya, maana zilizotengenezewa kuendesha kulia huwapiga machoni wanaokuja ukiwa kushoto.

Kuhusu gari lenyewe nitasema wazi ninavyoona. Kati ya magari ya zamani yanayopatikana hapa mjini, linalofaa zaidi ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 na silinda sita iliyoanza kutumika 1990. Haina turbo, haina kompyuta, na pampu yake ya mafuta huendeshwa kimakanika. Ni nzito na haina haraka. Faida yake huonekana pale mafuta ya kadhafi, yule muuza mafuta wa barabarani, yanapokuwa na maji au mafuta ya taa ndani yake: injini mpya zenye nozeli za umeme huharibika kwa gharama ya kutisha, hii hukohoa tu na kudai chujio jingine. Udhaifu wake mkuu ni mkanda wa taiming, unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Nduguye mwenye turbo, 1HD-T, ni mtamu zaidi barabarani, lakini beringi za chini za pistoni zake zina sifa ya kulika mapema. Zibadilishwe kabla ya safari hata kama injini haipigi kelele. Prado za miaka ya tisini zenye 1KZ-TE zinapendwa sana mjini na zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi zikichemka. Land Rover za Tdi ni nyepesi na rahisi kufungua, tatizo ni kwamba vipuri vyake huko mbele havipatikani kila mji kama vya Toyota. Patrol zina wafuasi wao, nami sitagombana nao.

Hata hivyo, aina ya gari hainisumbui kama historia yake, na hapa ndipo Kamalondo yenyewe inapoingia. Mtaa huu, uliowahi kuitwa Albert enzi za Wabelgiji, na jirani zake wa cité, umejaa watu wenye mikono. Sababu zinajulikana. Kampuni ya madini ya Union Minière iliyoundwa 1906, kisha Gécamines, pamoja na karakana za reli, zilifundisha vizazi vya wachongaji vyuma, wachomeleaji na mafundi umeme. Gécamines ilipoporomoka miaka ya tisini, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza 2003, ujuzi huo ulihamia uani na kando ya barabara. Ndiyo maana hapa bushi isiyopatikana dukani huchongwa kabla ya jua kuchwa. Na ndiyo maana magari ambayo kwingine yangekuwa chuma chakavu bado yanakwenda Likasi kila wiki.

Lakini ufundi huo ulizaliwa katika uhaba, na una mazoea yake. Gari likichemka, thamostati hutolewa na kutupwa. Rejeta hujazwa maji ya bomba. Plagi za kupasha moto zikizingua huunganishiwa swichi ya kubonyeza kwa kidole, fyuzi ikiungua inawekwa waya. Mpira wa breki wa gurudumu moja ukivuja, bomba lake hubanwa na kukunjwa, gari linabaki na breki tatu. Shafti ya mbele ikipiga kelele huondolewa kabisa, mwenye gari anaendelea kuamini ana magurudumu manne yanayosukuma. Kila mara fundi husema, “Itatembea tu, papa,” na husema kweli: inatembea. Mjini hakuna shida, kwa sababu aliyelikunja bomba anakumbuka alilikunja wapi, na yuko mtaa wa pili.

Gari hilohilo likisimama kati ya Mpika na Nakonde, kumbukumbu hiyo imebaki Kamalondo. Fundi wa huko ni hodari pia, lakini analikuta gari linalosema uongo: waya mwekundu usiokwenda kunakopaswa, pampu ya gari jingine, nati ya inchi mahali pa milimita. Kwa hiyo naona kazi ya kwanza ya matayarisho ni kutafuta viraka vyote na kuvikatia hukumu. Kinachogusa breki, usukani au ubaridi wa injini kirudishwe kama kilivyotoka kiwandani, bila mjadala. Kinachobaki kiandikwe daftarini: alternata ni ya gari gani, beringi ya gurudumu ina namba gani, waya wa feni umepitia wapi. Daftari la shule lenye michoro ya kalamu lina thamani kuliko kisanduku cha vifaa vya kigeni. Na mwenye gari aketi na fundi aliyelilea, maana ndiye mwenye habari. Wengi humficha fundi wao wa zamani wanapolipeleka gari kwa mwingine “wa safari”, wakipoteza hivyo shahidi pekee.

Thamostati inastahili neno zaidi, maana wengi hawaamini. Bila hiyo injini haichemki upesi kwenye foleni, hilo ni kweli. Lakini pia haifiki joto lake la kazi asubuhi ya baridi, inakula mafuta na kujichakaza. Lubumbashi ya Juni ina baridi. Ulaya ya Novemba je? Rejeta iondolewe, ifunguliwe na kusafishwa, pampu ya maji na mipira ibadilishwe, maji yenye dawa ya kuzuia kutu na kuganda yajazwe, kisha thamostati irudishwe. Gari likichemka baada ya hapo, kuna ugonjwa wa kweli uliokuwa umefichwa, na ni heri uonekane hapa.

Magurudumu hayahitaji hotuba ndefu. Beringi zifunguliwe, zioshwe, zipakwe grisi mpya. Mpira wa ndani wa ekseli ya mbele ukivuja, grisi na mafuta ya difu huchanganyika kuwa uji. Kwenye matairi ya mtumba soma tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri na umri wa miaka kumi ni bomu la lami ya moto.

Historia ya safari kubwa inaunga mkono mtazamo huu wa kutayarisha njia pamoja na chombo. Msafara wa Citroën ulioitwa Croisière Noire uliondoka Colomb-Béchar, Algeria, Oktoba 1924 na magari manane yenye minyororo nyuma. Kabla haujaondoka, kampuni ilikuwa imeshatuma watu kuweka maghala ya mafuta na vipuri njiani. Walipofika Kampala waligawanyika makundi manne, moja kwenda Mombasa, jingine Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, la nne Rasi ya Tumaini Jema. Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na gari kuukuu. Land Rover moja iliyotoka London hadi Singapore mwaka 1955 hadi 1956 na vijana wa Oxford na Cambridge ilirudishwa barabarani na mwaka 2019 ikaendeshwa Singapore hadi London, ikiwa na zaidi ya miaka sitini. Haikwenda peke yake: ilifuatana na magari mapya yaliyobeba watu na mizigo. Mwenye gari moja tu la Kamalondo hana msafara wa kumsindikiza. Ghala lake ni namba za simu za maduka ya vipuri ya Ndola, Mbeya na Dar, zilizohakikiwa kabla ya kuondoka.

Uzito ndio adui asiyeonekana. Tangi la lita 90 kwa injini inayokula kama lita 13 kwa kilomita 100 linakupeleka karibu kilomita 700, na vituo vya mafuta vya Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika na Nakonde viko karibu kuliko hapo. Tangi la pili la nini? Madebe manne ya lita ishirini juu ya paa, ya mafuta au maji, yanaongeza kilo zaidi ya sabini mahali pabaya kuliko pote, na gari refu lenye springi za miaka thelathini huanza kuyumba kama mlevi wa Jumamosi. Beba vichujio vya mafuta vingi, mkanda, mipira ya maji, beringi seti moja, mpira wa klachi, balbu na waya. Mengine yanunuliwe huko huko.

Tuje kwenye karatasi, ambako safari nyingi hufia. Nimesema magari yetu yanaishi kwa kubadilishwa viungo. Injini nyingi mjini si zile zilizozaliwa na gari. Fomu ya forodha ya kuingiza gari kwa muda Zambia huuliza namba ya chasisi na ya injini, na afisa ana haki ya kufungua boneti. Namba ya injini isiyolingana na carte rose, yaani kadi ya umiliki wa gari, au carte rose yenye jina la mwenye gari wa zamani aliyehamia Kinshasa, inaweza kukugeuza mwizi kwa dakika tano. Marekebisho hayo yafanywe Lubumbashi, na huchukua muda mrefu kuliko kusuka injini. Namba ya chasisi ya Land Cruiser imegongwa kwenye chuma cha kulia mbele, karibu na gurudumu. Isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka isomeke, kisha ipakwe vanishi.

Bima ya ndani haivuki mpaka. Kadi ya Njano ya COMESA hukubalika Zambia, na hata Tanzania, ingawa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Soko la bima kwetu lilifunguliwa na sheria ya 2015, likaacha kuwa la SONAS peke yake, kwa hiyo uliza zaidi ya mlango mmoja. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, lakini usidhani hilo limeifuta forodha ya Tunduma. Bandika kibandiko cha CGO nyuma, chukua pembetatu mbili, kizima moto, vibandiko vya kuakisi vyeupe mbele na vyekundu nyuma, na kadi ya homa ya manjano. Anayekwenda mbali zaidi, hasa Misri au Asia, atahitaji carnet de passages, hati ya dhamana kwamba gari halitauzwa huko. Dhamana yake hutegemea nchi na thamani ya gari, na inaweza kuizidi thamani hiyo.

Bandarini kuna njia mbili. Meli ya kuingiza magari kwa kuyaendesha hupokea gari la urefu wowote, lakini unakabidhi ufunguo na vitu vya ndani havina mlinzi. Kontena hufungwa mbele yako, ila mlango wa kontena la kawaida una kimo cha mita 2.28 hivi. Land Cruiser tupu hupita. Yenye kichanja, hema na madebe haipiti. Ndiyo sababu kichanja kifungwe kwa bolti zinazofunguka, wala kisichomelewe. Tangi libaki na mafuta kidogo tu, betri ifunguliwe.

Halafu Ulaya. Umoja wa Ulaya humruhusu mgeni kukaa na gari la kigeni miezi sita bila ushuru, kwa bima inayonunuliwa unapoingia. Kizuizi kipo kwingine. Antwerp tangu 2017 na Brussels tangu 2018 zina maeneo yanayozuia dizeli za zamani, na eneo la Brussels linafunika manispaa zote 19. Kwa hiyo mtu aliyeota kuegesha gari lake lenye namba za Kongo katikati ya Matonge, mtaa wa Wakongo huko Brussels, apige picha na jamaa zake, atagundua kwamba injini ileile iliyomfaa kwa kadhafi ndiyo inayokatazwa pale. Aombe kibali cha siku au aliache gari nje ya mji na kupanda treni. Hilo lihesabiwe mapema, maana gharama ya meli ya kwenda na kurudi inaweza kuizidi bei ya gari. Kwa baadhi ya watu, jibu la busara ni kuishia Dar, au kuvuka na feri kwenda Unguja bila gari.

Kalenda ya kazi inaamuliwa na mvua, ambazo Lubumbashi huanza Novemba na kukatika kuelekea Aprili. Anayetaka kiangazi cha Ulaya aondoke Mei. Karatasi zianze kushughulikiwa Novemba, injini na breki zifunguliwe Januari. Februari gari lipakiwe mzigo wote, na watu wote watakaosafiri, liende Kolwezi na kurudi, kilomita kama mia sita, chini ya mvua. Likirudi, fundi yuleyule akaze nati zote upya, apime mafuta ya injini na maji, aguse kila kitovu cha gurudumu kwa mkono kuona kilichopata joto kuliko wenzake. Kitakachoharibika hapo kina miezi miwili ya kuagizwa kutoka Dar au Dubai.